Dubu asiye na macho

Jana jioni nimerudi kazini nakuta kijana wangu amepanda juu ya ndoo, maka peni yangu nyeusi iko mkononi, ile isiyofutika, na dubu wa ukutani ana macho. Mawili, moja kubwa na lingine dogo limekimbilia huko karibu na sikio. Nikamuuliza nani kakutuma, akanijibu bila hata kugeuka, "Mama, alikuwa haoni." Sasa mtu wa namna hiyo unamjibu nini, nikachukua ndoo yangu nikaenda zangu kuchota maji.

Lakini usiku nikawa nageuka geuka tu kitandani. Maana dubu yule hakuchorwa kipofu kwa bahati mbaya, kuna mzee alisimama mlangoni siku hiyo akasema macho yasiwekwe, na mzee mwenyewe ni baba yangu.

Wale mliowahi kufika kwetu Kawempe, hapa Kampala, mnakikumbuka kile chumba cha nyuma, shemeji yenu alikuwa anawekamo matairi na jenereta bovu. Skani iliposema mvulana nikamwambia matairi yatoke. Mama mkwe akasema usinunue chochote mpaka mtoto afike, kumuandalia mtu ambaye hajaja ni kumchokoza, nikasema sawa mama nimesikia, kesho yake nikashuka soko la Owino. Kichwani nilikuwa na picha moja niliyoiona kwenye simu, chumba cha mtoto wa kizungu, dubu kwenye pazia, dubu kwenye shuka, dubu kwenye taa, kuta rangi ya chai ya maziwa, na nikajiuliza huyo mtoto ana nini ambacho wangu hana. Watu wote walikuwa wanasema mvulana ni buluu, nikakataa. Buluu ni ya sare za shule, ataivaa tu atake asitake.

Owino midoli ya mtumba inatoka kwenye marobota, wanaimwaga chini juu ya turubai na unachagua umeinama. Mimi na tumbo langu la miezi minane sikuweza kuinama, mama mmoja muuza soksi akanisukumia kiti chake, nikakaa, nikawa naelekeza kidole tu na kijana wa bidhaa ananirushia. Wadogo elfu mbili mbili, wakubwa elfu tano, na ukinunua wengi unaongezwa mmoja asiye na mkono. Nyumbani nikawaloweka kwenye beseni na sabuni ya unga, maji yakatoka meusi, nikawaanika kwenye waya kwa vibanio vya masikioni. Mmoja alikuwa na kidude tumboni, ukimminya anasema maneno, sijui Kijerumani sijui nini, na kumbe maji hayakumuua. Usiku, ua mzima uko kimya, akaanza kuongea peke yake kwenye waya. Dada wa kazi wa jirani alitoka na mwiko.

Kitanda kilitoka Ndeeba, hilo halina hadithi. Stika za dubu nilichapisha Nasser Road na zilikuwa nzuri kwelikweli, ila ukuta ule una unyevu, hazikumaliza wiki zikawa zimelala sakafuni. Ndipo shemeji yenu akasema kwa nini tusitafute mtu achore kwa rangi kabisa, namfahamu jamaa mmoja anachora mabango ya saluni.

Jamaa akaja. Fundi mzuri sana, mjue hivyo, ila maisha yake yote amechora vichwa vya wanaume walionyolewa. Nikamuonyesha dubu kwenye simu akaangalia, akakuza picha, akaangalia tena, "Nnyabo," ndiyo mama kwa Kiganda, "huyu ni mbwa wa aina gani?" Nikamueleza. Akapiga mistari ya penseli ukutani, mraba kwa mraba, akachanganya nyekundu na njano na nyeusi kidogo mpaka kahawia ikapatikana, na kufika saa tano dubu alikuwa amekaa pale ukutani, tumbo lipo, makucha yapo, masikio yapo. Na kwenye paji la uso alikuwa na laini ya nywele iliyokatwa sawasawa kwa wembe, yaani dubu ametoka kinyozi. Nilipocheka fundi akasema hiyo ni bonasi.

Macho aliacha mwisho. Nikamuuliza kwa nini, akasema ukishaweka macho mtu anaanza kukuangalia na mkono unaharibika.

Sasa baba alikuwa ameingia alfajiri ile na basi la usiku kutoka Arua, na jerikani ya asali na samaki wa kukausha waliofungwa kwenye gazeti. Alikunywa chai, akaswali, akalala kidogo sebuleni. Mimi sikumwambia kitu kuhusu chumba, nilitaka akione kikiwa kimekwisha. Akaamka akasikia watu wanaongea huko nyuma, akaja taratibu na kofia yake, akasimama mlangoni.

Fundi alikuwa ameshachovya brashi ndogo kwenye nyeupe. Nakumbuka mkono wake ulikuwa umeinuka, kidole kidogo kimeegemea ukutani ili asitetemeke, ncha ya brashi iko umbali wa unene wa shilingi kutoka usoni kwa dubu.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam mzee," fundi akajibu, na rozari yake shingoni.

"Unaweka nini hapo?"

"Macho, mzee. Yamebaki macho tu."

"Ngoja kwanza."

Hakuna aliyesogea. Tone la rangi nyeupe likaanza kushuka kwenye brashi, likapita kwenye ile bati inayobana nywele, likafika kwenye mti, likaingia kwenye mkono wa fundi na yeye hakulifuta, alikuwa anamwangalia baba. Baba anamwangalia dubu. Mimi nimekaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, miguu imevimba, na ninajua kabisa linalokuja kwa sababu nimekua katika nyumba ambayo kalenda yenye picha ya mtu ilikuwa inageuzwa uso ukutani wakati wa kuswali, kwamba malaika hawaingii penye picha ya chenye roho.

"Mwanangu," akasema, "malaika watapitia wapi?"

Nikamwambia baba, hivi ni vitu vya mtoto tu. Akasema midoli sina neno nayo, bibi Aisha mwenyewe, mke wa Mtume, alikuwa na wanasesere wake, mtoto acheze. Lakini huyu wa ukutani, mkubwa hivi, juu ya kichwa cha mtoto, anamtazama usiku kucha, hapana. Alisema kwa upole, na upole wa baba ndio mbaya, kwa sababu hauna mahali pa kuushika ubishane nao. Nikampigia shemeji yenu. Akasikiliza, akasema "ongea na mzee," akakata.

Hapo nikalia, kidogo tu, ile ya mimba. Halafu nikajifuta nikaanza kujitetea kwa elimu, maana nilikuwa nimesoma habari za madubu haya usiku nikikosa usingizi. Nikamwambia baba, huyu si sanamu la kuabudiwa, huyu ana historia ya huruma. Mwaka 1902 rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, watu walimwita Teddy, alienda kuwinda Mississippi akakaa huko hapati dubu, wenyeji wake wakamkamata mmoja wakamfunga kwenye mti wakamwambia mheshimiwa huyu hapa, piga. Akakataa, akasema huo sio uwindaji. Clifford Berryman akaichora katuni kwenye gazeti la Washington Post, nchi nzima ikaiona, na mwenye duka mmoja wa Brooklyn, Morris Michtom, na mkewe wakashona mdoli wakauita dubu wa Teddy. Steiff wa Ujerumani nao walikuwa wanashona wa kwao kipindi hichohicho, ndiyo maana huyu wangu wa kwenye waya labda anaongea Kijerumani. Kwamba yule dubu wa mtini alikuwa ameumia sana na mwishowe rais aliagiza amalizwe, na akamalizwa kwa kisu, hicho kipande nilikiruka.

Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Akavua kofia, akaivaa.

"Roosevelt yupi? Yule wa Rhino Camp?"

Nikanyamaza. Baba kazaliwa upande ule, ukingo wa Nile, kabla wazee wake hawajahamia Arua mjini, na mimi nimepita Rhino Camp mara kibao, sikuwahi hata kujiuliza jina limetoka wapi. Kwangu Rhino Camp ni kambi ya wakimbizi, basi.

"Yule mzungu mwenye miwani aliyekuja na mtoto wake," baba akaendelea. "Walikaa pale wakapiga vifaru. Kwa hiyo alimhurumia dubu wa kwao, hasira akaja kuzimalizia kwa vifaru wetu."

Fundi alicheka mpaka akaweka brashi chini. Mimi sikucheka, nilitoa simu. Na kweli, mapema mwaka 1910, urais ameshamaliza, walipiga kambi kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, upande wa Lado uliokuwa mikononi mwa Wabelgiji, kambi ikaitwa Rhino Camp, yaani kambi ya kifaru, na jina likabaki. Yeye na mwanawe Kermit walipiga vifaru weupe tisa, ngozi na mifupa vikapelekwa kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Marekani. Nikamsomea baba, akatikisa kichwa kama mtu anayesomewa bili anayoijua.

Halafu akakaa kwenye kiti cha plastiki akaanza kusimulia hifadhi ya Ajai, huko kwao. Alipokuwa mtoto aliwaona vifaru huko, mama na ndama, wanakula majani vichwa viko chini. Alisema kifaru haoni mbali, unaweza kusimama naye kabisa ilimradi upepo usipeleke harufu yako kwake, anatumia pua na masikio, macho ni kama amepewa tu kwa desturi. Baadaye wakaisha. Miaka ile ya themanini mwanzoni, bunduki kila mahali, hakubaki hata mmoja Uganda nzima. Hawa wa hifadhi inayoitwa Ziwa kule Nakasongola wanaotembelewa na watalii ni wa ukoo wa vifaru weupe wa kusini, walianza kuletwa 2005, na mtoto wa kwanza kuzaliwa pale wakampa jina Obama, mama katoka Marekani na baba katoka Kenya, hiyo ilimfurahisha sana baba. Wale wa ukoo wa kwetu, wa kaskazini, wamebaki wawili duniani, wote majike, na wanaishi Kenya.

Mpaka leo sielewi vizuri kama mchana ule baba alikuwa anawatetea malaika au vifaru. Pengine na yeye hakuwa anatenganisha.

Fundi akajaribu kutusaidia. "Mzee, je nikimchora amelala? Nafunga macho, mistari miwili tu."

Baba akafikiria kweli, hakudharau. "Aliyelala anaamka."

Ikaisha hapo. Macho hayakuwekwa. Ikabaki bei, fundi anasema macho alishayapiga hesabu, mimi nasema kazi haijaisha nakata elfu kumi, baba akaingiza mkono kwenye kanzu akatoa hiyo elfu kumi na chupa ya asali juu yake. Fundi akaniangalia, akasema nnyabo huyu mzee ungemleta asubuhi.

Mtoto alizaliwa salama na hakulala chumba kile. Nani atamlaza mtoto mchanga peke yake, ukuta una unyevu, neti ipo moja, na ananyonya kila saa? Alilala katikati yetu mpaka alipoanza kutupiga mateke, na kitanda cha Ndeeba kikawa cha kukunjia nguo. Mtu wa kwanza kulala chini ya dubu alikuwa baba, alipokuja kliniki yake ya presha. Tulitandika godoro chini, akatundika kanzu kwenye msumari wa pazia la madubu, akafunga mlango. Asubuhi nikampelekea chai nikamuuliza kwa uchokozi, baba, malaika walipita? Akasema hajui, alilala.

Akanywa nusu kikombe akiangalia ukuta.

"Huyu fundi ana mkono. Muulize atanichorea kifaru Arua, sebuleni kwangu, kwa bei gani."

"Baba! Kifaru si ana roho?"

"Asimuwekee macho. Kwani alikuwa anayatumia?"

Nikampigia fundi, akauliza Arua nauli ni ngapi kwenda na kurudi, nikamtajia, akasema nnyabo vifaru wa Arua wachorwe na watu wa Arua. Nimemfikishia baba jibu hilo na hajalikubali. Kila akipiga simu, baada ya salamu na habari za mtoto, anauliza fundi kasemaje.