Funguo Tatu za Kikoba

Mwaka 2019 nilikuwa najifunza kutengeneza programu za simu kwa Flutter, zana ya Google ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Niliipendea kwamba msimbo mmoja tu, ulioandikwa kwa lugha ya Dart, unatoa programu ya Android na ya iPhone. Laptopu yangu ilikuwa na RAM ya GB 4. Nikiwasha simu ya kuigiza ndani yake, mashine nzima inaganda. Basi majaribio yote nilifanyia kwenye Tecno yangu: unaingia kwenye mipangilio, unagonga namba ya toleo mara 7 mpaka sehemu ya watengenezaji ifunguke, unachomeka waya.

Mwalimu wetu alikuwa na sharti ambalo hadi leo naliunga mkono: hugusi kompyuta kabla hujachora kila skrini kwa penseli na kumpa atakayeitumia aishike. Mimi nilichagua kutengeneza programu ya daftari la kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha mama mdogo, Mbagala, Dar es Salaam. Jumapili moja alasiri nikaenda na karatasi zangu, nimezikata ukubwa wa simu.

Mama mdogo ndiye aliyekuwa mweka hazina. Nilipomwamkia aliitikia, akaniambia nikae kwanza nitazame kikao. Namshukuru kwa hilo. Sanduku la chuma lililetwa na mama anayelitunza nyumbani kwake, na yeye hana ufunguo hata mmoja. Lina kufuli 3, na kila ufunguo uko kwa mama mwingine. Katibu akauliza salio la kikao kilichopita, wanachama wakalitaja kwa kichwa, fedha zikahesabiwa mbele ya wote, zikalingana. Ndipo hisa zikaanza kununuliwa, kila mtu akiitwa kwa namba yake.

Baadaye nikampa mama mdogo karatasi. Akagusa "Ingia", nikambadilishia karatasi. Akagusa "Hisa", nikambadilishia. Hapo akasita.

"Mwanangu, mbona nimefungua peke yangu? Funguo ziko wapi?"

Masomo yote niliyokuwa nimeyafuata yalianza na mtu mmoja na nywila yake. Kikoba hakina mtu mmoja. Lile sanduku lilikuwa usanifu uliokamilika, uliopimwa miaka na watu ambao fedha zilizomo ni zao, na mbunifu wa programu hana haki ya kuuondoa eti kwa kurahisisha mambo.

Tukachora upya palepale mkekani, washika funguo wakiwa wameinama juu ya karatasi. Nafasi 3, kila mmoja anaingiza namba yake ya siri, na hakuna kinachofunguka mpaka wote watimie. Kumbukumbu nilizihifadhi ndani ya simu yenyewe kwa SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji intaneti, ili asiye na bando asikwame. Kuandika msimbo kulikuwa raha tupu: unabadilisha rangi ya kitufe, unahifadhi, na papo hapo simu iliyo kwenye waya inaionyesha.

Kikao kilichofuata daftari liliandikwa kama kawaida, na simu ikawekwa kando yake. Akina mama watatu wakaingiza namba zao. Salio likatokea kwa tarakimu kubwa, mama mdogo akalisoma kwa sauti, wenzake wakaitikia kuwa ndilo. Katibu akataka kujua mfuko wa jamii utaonekana wapi, maana fedha za msiba na ugonjwa hazichanganywi na za hisa. Skrini hiyo tukaanza kuichora kabla sanduku halijafungwa.