Asilimia 100 ya kompyuta haina sentimita

Wateja wa kadi za michango ya harusi hupenda kukaa nyuma yangu nikidizaini. Shangazi wa bibi harusi ndiye msemaji: "Mwanangu, hizo namba za simu za kutuma mchango mbona kubwa hivyo? Punguza, jina la binti lipate nafasi." Wakati huo kadi ya A6, yenye upana wa milimita 148 tu, imetanda monita nzima ya inchi 24. Imekuzwa zaidi ya mara tatu. Herufi za pointi 8 anaziona kama za pointi 25, halafu anataka nizishushe hadi 6!

Sibishani naye. Natoa kadi ya benki mfukoni.

Kadi za benki zina kipimo kimoja dunia nzima: milimita 85.6 kwa 53.98. Nachora kisanduku cha vipimo hivyo pembeni ya kazi, nabandika kadi kwenye kioo, nazumu hadi kingo zilingane. Hapo ndipo shangazi huinama, hutafuta miwani kwenye pochi, na kusema, "Basi ziongeze kidogo."

Vijana wanaojifunza kwangu huuliza kwa nini nisibonyeze zumu ya asilimia 100 tu. Kwa sababu programu nyingi hukisia kuwa kila inchi ya kioo ina pikseli 96, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha, na kioo hakijaulizwa. Monita yangu ya pikseli 1920 kwa 1080 ina kama 92 kwa inchi, kwa hiyo kadi ya benki hutokea na milimita 89 na ushei. Laptopu ya inchi 15.6 yenye pikseli hizohizo ina 141 kwa inchi. Huko kadi hiyohiyo husinyaa hadi milimita 58, kama Windows yenyewe haijakuza kitu. Photoshop ndiyo vurugu zaidi: asilimia 100 yake ni pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya kioo, basi. A4 ya pikseli 300 kwa inchi ina upana wa pikseli 2480, na monita yangu nzima ina 1920.

Inkscape, programu ya kuchora, inakumalizia kazi mara moja. Kwenye mapendeleo yake kuna rula na kitelezi cha kurekebisha zumu. Shika rula ya shule juu ya kioo, sogeza kitelezi hadi mistari ikutane. CorelDRAW nayo inakuruhusu kusawazisha rula zake kwa njia hiyohiyo. Ukibadilisha monita, rudia.

Rangi ni ugomvi mwingine, leo siugusi.

Mteja akiwa mbali, picha ya WhatsApp haisaidii, maana ataikuza kwa vidole viwili. Namtumia PDF, namwambia aende stationery ya jirani aiprinti kwa asilimia 100, na amkataze kijana wa pale kuchagua ile ya kuibana itoshee karatasi.