Jinsi nilivyorekebisha hesabu ya makosa katika usawazishaji wa kipimamionzi

Katika maabara tunayofanyia kazi hapa Unguja, nilisawazisha kipimamionzi, yaani nilikilinganisha na chanzo cha mionzi chenye nguvu inayojulikana, hapa cha seziamu-137, kilichowekwa umbali wa sentimita 50, nikachukua vipimo 10 vyenye hesabu (miali iliyonaswa na chombo) zipatazo 10,000 kila kimoja. Kosa nasibu, yaani lile la kubahatisha linalobadilika kila unapopima, lilikuwa asilimia 1 kwa kila kipimo, na la wastani wao asilimia 0.32, nikaandika hilo la mwisho kuwa ndilo kosa la usawazishaji. Siku ya pili, nilipokiweka chanzo upya, wastani ulitofautiana na wa jana kwa karibu asilimia 3. Kufifia kwa seziamu hakuwezi kuwa sababu, kwani nusumaisha yake, yaani muda wa mionzi yake kupungua hadi nusu, ni miaka 30 hivi.

Kasoro ilikuwa kwenye umbali. Kwa kuwa mionzi hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, kosa la milimita 5, ambalo ni asilimia 1 ya sentimita 50, huwa asilimia 2 katika matokeo, na kurudia kuhesabu bila ya kukigusa chanzo hakulipunguzi hata chembe, maana vipimo vyote hubeba kosa lile lile.

Basi nikawa nakiondoa chanzo na kukiweka upya kabla ya kila kipimo. Mtawanyiko wa vipimo uliongezeka hadi asilimia 2.2, nami nikaupokea kwa furaha, kwa sababu sasa ulikuwa wa kweli; nilipougawa kwa kipeuo cha pili cha 10 nilipata asilimia 0.7. Kosa la asilimia 3 lililoandikwa kwenye cheti cha chanzo, ambalo halipungui kwa kurudia, nililijumlisha mwisho na hilo kwa njia ya miraba (kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yao), mara moja tu, na jumla ikawa asilimia 3.1.