Mayu, wewe hapa haumo

Tangu Jumamosi naisikia sauti ya baba mdogo. Nilikuwa nimeinama kwenye makaburi ya ukoo, safu ya tatu, kamba imekazwa, nahesabu nafasi zilizobaki kati ya kaburi la babu na ua wa minyaa. Sita, saba tukibanana. Nikamwambia. Akavuta kigoda, akakaa, akasema: "Mayu, unajisumbua na hizo nafasi za nini? Wewe hapa haumo."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo mzee anavyomwita binti, na binti kwetu huzikwa alikoolewa. Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemjibu.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: wakaguzi ofisini siku tatu, Kulwa kaposwa na barua imejibiwa, Jumatano nimevuka daraja kwenda Sengerema kwenye msiba na kurudi usiku. Nikitulia tu, haumo.

Daftari langu la ramani ya makaburi mnalijua. Ramani ya kwanza iliharibika kwa sababu nilianzia kwenye mwembe, na mwembe ukawa mkaa. Safari hii nimeanzia kwenye majabali mawili, hayo hayachomwi mkaa. Kila kaburi napima mara mbili kutoka upande wa kichwa: mara moja hadi jabali la juu, mara moja hadi jabali la ziwani. Vipimo viwili hivyo vikikutana kwenye karatasi, kaburi halipotei tena hata mawe yake yakibebwa kujengea choo. Kamba ni ya mita 30, ina fundo kila mita, isiwe ya nailoni maana inavutika. Simu iacheni mfukoni. Ikikosea mita tatu au tano, na sisi tumepanga makaburi kwa chini ya mita moja, inakupeleka kwa jirani wa marehemu.

Maandishi yaliyofifia nayasoma jioni, jua likiwa chini, au kwa tochi iliyolazwa ubavuni mwa bamba. Kivuli kinajaza herufi. Maji na mswaki laini vinatosha. Mwaka juzi mtu wetu mmoja alisugua kwa brashi ya waya, akaondoka na kutu, plasta na tarehe ya kuzaliwa. Yaliyochorwa kwa msumari plasta ikiwa mbichi yanasomeka hadi leo. Ya rangi yameondoka na masika.

"Wewe hapa haumo." Ile "hapa" aliivuta kidogo. Au nimeivuta mimi baadaye?

Kaburi la mwanzilishi wa ukoo halina saruji wala herufi. Ni mawe matatu ya jabali, kwenye udongo mweusi kuliko wa pembeni, kwa kuwa hapo palikuwa zizi. Zamani Wasukuma walimzika mkuu wa kaya zizini, kafungwa ngozi ya ng'ombe. Baba mdogo anasema ng'ombe wakipita juu siku mbili tatu udongo unashikamana na fisi hafukui. Operesheni Vijiji ilipofika mwaka 1974, kaya ikabomolewa, watu wakapangwa barabarani, mawe matatu yakabaki na minyaa. Minyaa ndiyo iliyotuokoa: popote mnapoona duara la minyaa porini bila nyumba, jueni palikuwa na watu. Tuliporudi, safu ya pili ikaanza hatua kumi kutoka zizini, na hapo ndipo tulipokosea.

Hatua kumi ni kutoka luseni kuingia mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Luseni ni mchanga, unachimbika, lakini ukifika futi nne kuta zinabomoka. Lazima kupanua mdomo wa shimo au kujengea tofali ndani kabla ya jeneza. Mbuga inasimama vizuri ikichimbwa, inakulipiza baadaye: kiangazi inapasuka, masika inavimba, bamba la juu linakatika katikati. Makaburi matano yamekatika sehemu ileile. Fundi analaumu saruji. Saruji haina kosa, mfuko wa kilo 50 ni uleule. Kosa ni kumwaga zege mwezi wa pili baada ya maziko, udongo haujakaa, juu ya mbuga tupu. Subirini masika moja ipite. Kisha ondoeni mbuga sentimita 30 kuzunguka, jazeni moramu na kushindilia, lazeni nondo za milimita 8 kwa nafasi ya sentimita 20, zege la moja kwa mbili kwa nne, na mlimwagilie maji siku saba. Vigae mimi sivitaki. Vinabanduka, na mtoto anaondoka nacho kuchezea.

Safu ya chini, karibu na matete, ililowa ziwa lilipopanda mwaka 2020. Misalaba ya mbao kule ilioza chini, mchwa wakamalizia juu. Wazee wanasema baada ya zile mvua kubwa za 1961 maji yalipanda vilevile, na mnazika palepale.

Nina haraka na ramani kwa sababu ya wapimaji wa ardhi, maana makaburi yanaweza kuhamishwa. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inalipa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na matambiko. Kaburi lenyewe halina bei. Na mawe matatu yasiyo na jina, kwa macho ya mgeni, ni mawe matatu.

Jina. Juzi ndiyo limenishika hapo. Wake wa kwetu wameandikwa kwa desturi: Ng'wana, yaani mtoto wa, kisha jina la baba yake. Katika makaburi yetu 34, ya wake ni 13, na hakuna hata moja lenye jina la ukoo huu. Yote yanataja wazee wa kwingine. Nilikuwa nayanakili kama orodha ya dukani.

Jumatano Sengerema, maziko yamekwisha, watu wanasubiri ugali, nikazunguka nyuma ya nyumba kumwona bibi, yule binti wa mwanzilishi aliyeolewa huko. Bamba dogo, limeinama kidogo kushoto. Nikamwagia maji ya chupa. Ng'wana, halafu jina la yule mzee wa mawe matatu, herufi kwa herufi. Kwetu halijaandikwa popote. Limeandikwa kwa wakwe.

Nikachuchumaa pale hadi nikaitwa mara ya pili.

Jana nimempigia baba mdogo. Nikamsomea. Kimya kirefu hadi nikadhani salio limekwisha.

"Limeandikwa kwa rangi?"

"Kwa msumari, baba."

"Na ile ng' ya Ng'wana wameiwekea kile kialama chake?"

"Wameiweka."

"Haya. Basi Jumamosi njoo na saruji nusu mfuko, na uje na huo msumari."

Habari ya nafasi sita hakuigusa, nami sikuuliza. Nusu mfuko sijui nitanunua wapi, dukani wanauza mzima au kwa kilo kwa bei ya kuumiza.

Mahindi ya mama bado yako nje kwenye turubai, hayajakauka vizuri, na upande wa Ukerewe kumeanza radi. Nimepiga simu mara mbili, haipokelewi.