Pini 12 ina mambo

Mnaochezea ESP32, zile bodi ndogo za kielektroniki za kuprogramu, hapa Tanga, hii iwafae. Dogo mmoja wa Ngamiani kaniletea bodi yake ya kupimia maji kwenye simtanki. Programu inapakiwa bila shida, ila akichomeka sensa tu, inajizima na kujiwasha mfululizo. Kashanunua mpaka chaja mpya, maskini. Nikafungua siriamonita, dirisha la kompyuta linaloonyesha ujumbe wa bodi, kwa kasi ya 115200: fleshi, yaani kumbukumbu inayotunza programu, haisomeki. Kumbe waya wa sensa, wenye rezista ya kuupandisha hadi volti 3.3, umefungwa pini 12! Pini hiyo ikiwa na umeme bodi inapowaka, chipu huilisha fleshi volti 1.8 badala ya 3.3. Tukahamia pini 27, ikatulia. Sasa anataka somo la bure. Atangulize mkate wa kumimina kwanza.