Boila ya kuni: CO imekubali kushuka

Hatimaye jamani! CO (kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayobaki kuni zisipoungua vizuri) kutoka 2,400 ppm, yaani sehemu kwa milioni ya moshi, hadi chini ya 200, boila ileile, feni zilezile, chipsi zilezile za mbao zenye unyevu wa karibu 45%.

Kilichokuwa kinanitesa ni hiki: oksijeni kwenye moshi 12% na CO bado iko juu. Hewa imejaa tele, sasa gesi inakosa nini? Kila anayepita anakwambia ongeza hewa, na ukiongeza ndo unaharibu kabisa, moto unapoa, ukishuka chini ya 850°C hivi CO inabaki bila kuungua, na chipsi mbichi zenyewe tayari zinakula joto kukausha maji yake. Halafu namba inadanganya. Mtu anaona 600 ppm anafurahi kumbe oksijeni iko 15%, hewa ya ziada imeizimua tu, ukiirudisha kwenye 11% ya kulinganishia (hewa ya kawaida ina 21%, kwa hiyo 600 × (21 − 11) ÷ (21 − 15)) ni 1,000. Analaiza (kipima moshi) isiyoonyesha CO na oksijeni kwa pamoja mimi siitaki.

Nilianza na kuvuja. Gasketi ya mlango wa majivu ilikuwa imekwisha, tukabadilisha, oksijeni ikashuka hadi 10%, CO ikagoma palepale. Ndo nikaganda kwenye kidirisha cha kuchungulia moto, nikaona ulimi mrefu wa moto katikati na pembeni hakuna kitu. Hewa ya juu, ile inayopulizwa juu ya moto kuunguza gesi, ilikuwa inaingia kinyonge, inapanda na ukuta, haiifikii gesi kabisa, zinapishana kama watu walionuniana.

Dawa ikawa matundu. Tukaweka nozo (midomo ya kupulizia hiyo hewa ya juu) zenye eneo nusu ya zile za zamani, kwa hewa ileile kasi inakuwa mara mbili ila feni inadaiwa presha mara nne, kwa hiyo cheki feni yako kabla hujachomelea chochote. Kisha nikabana hewa inayoingia chini ya greti, yaani vyuma ambavyo kuni zinaungulia juu yake, nikaihamishia juu. Moto ukawa mfupi, mnene, umejaa chumba kizima, oksijeni ikatulia 7% na CO ikaporomoka, nilipiga kelele!

Mpango ulikuwa nihamie kwenye ekonomaiza (kifaa kinachopasha maji kwa joto la moshi) lakini hiyo isubiri, maana baada ya kubana hewa ya chini NOx (oksidi za naitrojeni, uchafuzi mwingine wa moshi) nayo imeshuka na akili yangu yote iko huko. Kwenye kuni NOx nyingi inatokana na naitrojeni iliyomo ndani ya mti wenyewe, ile ya hewani inataka joto kama 1,300°C kwenda juu. Ukiinyima hewa kule chini, sehemu kubwa inageuka N2, naitrojeni ya kawaida ya hewani, kabla haijafika kwenye hewa ya juu. Kwa hiyo sasa nataka niishushe hewa ya chini hadi kama 0.7 au 0.8 ya ile inayotosha kuunguza kuni zote, nione NOx inaendaje bila CO kurudi. Wasiwasi wangu ni vyuma vya greti tu, hewa hiyo ndo inavipoza, na magome nitayaweka kando kwanza, naitrojeni na majivu yake mengi yatanivurugia vipimo.