Rekodi ya Herbert Simon: mtafiti mmoja, fani nne, na zile namba za saitesheni

Wadau, siku hizi ukikutana na mtu wa chuo, kabla hata hajajua unatafiti nini anataka kujua h-indeksi yako ngapi (kipimo nitakachokieleza huko chini) na saitesheni ngapi, yaani kazi zako zimetajwa mara ngapi kwenye kazi za wengine, na anayeomba kazi au promosheni anaziweka hizo namba juu kabisa kwenye CV. Leo nataka tumchukue mtu mmoja, Herbert Simon, tuifungue rekodi yake taratibu, maana sijaona mtafiti mwingine ambaye rekodi yake inaonyesha vizuri hivi namba zinatoka wapi na zinaficha nini. Na kuna pepa yake moja ambayo kila nikiikumbuka nafurahi mwenyewe, nitaifikia huko chini.

Simon alizaliwa Milwaukee, Marekani, mwaka 1916 akafariki 2001. PhD yake aliichukua Chicago mwaka 1943 na ilikuwa ya sayansi ya siasa, sio uchumi wala kompyuta. Alikuwa anajiuliza watu wa maofisini wanaamuaje mambo, basi. Kazi ile ikazaa kitabu mwaka 1947 ambacho wanafunzi wa utawala wa umma wanakisaiti mpaka leo. 1949 akahamia Pittsburgh, kwenye chuo ambacho sasa hivi kinaitwa Carnegie Mellon, akabaki hapohapo mpaka mwisho wa maisha yake. 1955 akachapisha pepa kwenye jarida la uchumi, anawaambia wachumi kwamba huyu binadamu mnayemuandika kwenye hesabu zenu, anayepima kila chaguo na kuchukua lililo bora kuliko yote, hayupo, mtu wa kweli hana muda wala taarifa za kutosha, anatafuta mpaka akipata kinachomtosha anaishia hapo. Mwaka uliofuata yeye na Allen Newell na Cliff Shaw wakawa na programu ya kompyuta, Logic Theorist, inayothibitisha kanuni za mantiki ya hisabati yenyewe. 1975 yeye na Newell wakapewa tuzo ya Turing, ndo kubwa kabisa kwenye kompyuta. 1978 akapewa Nobel ya uchumi. Jamaa wa sayansi ya siasa!

Halafu kuna saikolojia, na hapa naomba nikae kidogo kwa sababu naipenda mno hii kazi. Mwaka 1973 yeye na William Chase walichukua wacheza chesi watatu: bingwa, mchezaji mzuri wa kawaida, na anayeanza. Wanamuonyesha ubao wenye kete za mchezo uliofika katikati, sekunde 5 tu, wanaufunika, wanamwambia haya panga upya kwa kumbukumbu. Bingwa anaweka sawa kete kama 16, yule wa kati kama 8, anayeanza kama 4. Utasema bingwa ana kumbukumbu ya ajabu. Sasa wakazitawanya kete ovyo ovyo kwenye ubao, mpangilio ambao hauwezi kutokea kwenye mchezo wowote, sekunde 5 zilezile, na wote watatu wakawa karibu sawa, ule ubingwa ukapotea wote. Kwa hiyo bingwa hakumbuki kete mojamoja, anakumbuka makundi ya kete aliyoyazoea kwa miaka mingi ya kucheza. Pepa hiyo leo inasaitiwa na watu wa elimu, watu wa michezo, watu wa akili unde, wengi wao hawajawahi kugusa chesi.

Na nyingine, hii ya 1980 na Anders Ericsson, inahusu kumwambia mtu aseme kwa sauti kila anachowaza wakati anafanya kazi, na lini maneno yake unaweza kuyachukua kama data. Hii sasa imesambaa hadi kwa watafiti wa uuguzi wanaotaka kujua nesi anaamuaje akiwa na mgonjwa mbele yake, na wa ufundishaji wa lugha, na wanaopima kama tovuti inaeleweka kwa mtumiaji.

Sasa jumlisha. Simon ana machapisho yanayokaribia elfu moja na saitesheni zake kwenye Google Scholar, ile huduma ya Google ya kutafuta kazi za kitaaluma, ni mamia ya maelfu. Lakini ukiishia kwenye hiyo jumla hujamsoma kabisa, kwa sababu ndani yake kuna umati wa watu wasiojuana. Mtu wa utawala anamjua Simon wa maofisi, mchumi anamjua Simon wa maamuzi, mtu wa kompyuta anamjua Simon wa Newell, nesi mtafiti anajua jina lake linakuja baada ya Ericsson. Wote wanamsaiti, kila mmoja kwa sababu yake na kwa desturi za fani yake. Namba moja inawachanganya wote humo.

Haya, ile pepa niliyoahidi. Mwaka uleule wa 1955, Simon alichapisha nyingine kwenye Biometrika, jarida la takwimu. Alichukua vitu ambavyo havihusiani hata kidogo: kila neno linatokea mara ngapi kwenye maandishi, miji ina watu wangapi, vipato vya watu, jenasi moja ina spishi ngapi, na, shika hapo, kila mwanasayansi amechapisha pepa ngapi. Vyote vina umbo moja, wachache sana wana vingi mno na walio wengi wana kidogokidogo. Akaeleza kwa nini. Chukua maneno: unaandika, na neno linalofuata lina nafasi fulani ndogo ya kuwa jipya kabisa, lakini kama si jipya basi nafasi ya kila neno la zamani kurudi inategemea limeshatumika mara ngapi, lililotumika mara 10 lina nafasi mara 10 ya lililotumika mara moja. Acha mambo yaende hivo kwa muda mrefu na lile umbo linajitokeza lenyewe, bila neno lolote kuwa bora kuliko lingine.

Yaani huyu mtu aliandika hesabu zinazoeleza rekodi za watafiti miaka tisa kabla Eugene Garfield hajatoa ile faharasa yake ya saitesheni za sayansi mwaka 1964, kule Philadelphia, ambayo ndo chanzo cha biashara yote hii ya kuhesabu nani kamsaiti nani! Baadaye Derek de Solla Price, mwanahistoria wa sayansi, mwaka 1976 akazipeleka hesabu za aina hiyo moja kwa moja kwenye saitesheni: pepa iliyokwisha kusaitiwa sana ndo itakayosaitiwa tena, kwa sababu ndo inayoonekana. Na 1999 wanafizikia wawili, Albert-László Barabási na Réka Albert, wakaja na wazo la jamii hiyohiyo kwa ajili ya mitandao kama wavuti, kwenye jarida la Science. Pepa yao ina makumi ya maelfu ya saitesheni, imeiacha mbali sana ile ya Simon ya Biometrika. Sisemi hawakustahili, waliipeleka mbele na kuwafikishia watu wengi wapya. Nasema angalia wazo moja lilivyopita fani tatu, na saitesheni zikaenda kujaa pale ambapo wasomaji ni wengi.

Ndo maana mimi h-indeksi peke yake inanisumbua. Ilitoka kwa Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005, na wazo lenyewe ni rahisi, h ya 10 maana yake una pepa 10 ambazo kila moja imesaitiwa angalau mara 10. Watu wanasahau kwamba Hirsch mwenyewe kwenye pepa ileile alionyesha fani hazilingani: kwenye fizikia wa juu kabisa aliyemtaja ni Edward Witten mwenye 110, kwenye baiolojia na tiba ni Solomon Snyder mwenye 191. Hamna mtu mwenye akili zake atasema Witten ni nusu ya Snyder. Baiolojia ina watafiti wengi, orodha zao za marejeo ni ndefu, na pepa mpya zinatoka kila siku. Mwanahisabati anasaiti kazi chache na anachukua miaka.

Na aina ya kazi nayo inabadilisha kila kitu. Pepa iliyosaitiwa kuliko zote duniani ni ya Oliver Lowry na wenzake, 1951, zaidi ya mara 300,000, na inaeleza njia ya kupima protini kwenye maabara. Ile ya Watson na Crick ya umbo la DNA haikuingia hata kwenye 100 bora jarida la Nature lilipozipanga mwaka 2014. Mwaka 2015 timu mbili za CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, zilitoa pepa ya uzito wa chembe ya Higgs ikiwa na waandishi 5,154, na kila mmoja wao anahesabiwa pepa nzima. Sasa mtoe mmoja kati ya hao, umuweke kwenye kikao kimoja na mtu wa fasihi ya Kiswahili aliyekaa miaka sita anaandika kitabu peke yake, halafu mlinganishe h. Hili linaniuma kwa kweli. Hifadhidata kubwa zimejaa Kiingereza, na kazi nyingi za wanaisimu wetu ziko kwenye vitabu na majarida kama Kiswahili na Mulika ya pale Mlimani, mtu anasomwa na walimu nchi nzima na kwenye skrini anaonekana kama hajafanya kitu.

Au muangalie Erasto Mpemba wetu. Mwanafunzi wa Magamba mwaka 1963 anaweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa wa moto na unawahi kuganda kuliko uliopoa, mwalimu anamwambia umechanganyikiwa, yeye anashikilia hapohapo mpaka anamuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar alipokuja kuzungumza kwenye shule aliyoendelea nayo baadaye, Mkwawa, Iringa, na 1969 wanachapisha pamoja kwenye Physics Education, jarida la ualimu wa fizikia. Pepa ile moja haiwezi kumpa mtu h zaidi ya 1. Na leo wanafizikia wa kwanta wanaandika juu ya athari ya Mpemba kwenye mifumo ambayo haina maji wala barafu!

Hirsch naye mwaka 2020 aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kushindwa vibaya na kuleta madhara ambayo hakuyakusudia, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

Kwa wadogo zangu mnaosoma masters na wenzangu mnaokaa kwenye hizo kamati, kuna kitu nawaomba mjaribu. Fungua Google Scholar, tafuta ile ya Ericsson na Simon ya 1980, bonyeza namba ya waliosaiti, halafu weka tiki pale pa kutafuta ndani ya makala zilizosaiti tu na uandike neno la fani yoyote, nursing, chess, translation, chochote. Soma sentensi ambamo wametajwa, uone kama mtu ametumia kweli njia yao au ameweka jina kupamba utangulizi. Kisha fanya hivohivo kwa huyo mtu mnayemjadili kwenye kikao, pepa zake tatu tu zinatosha kuanzia.